Jembe la Mama Mugaya

Kijana mmoja wa Butiama, akiwa mwanafunzi wa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, alisoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake. Kitabu kile kilitoka mwaka 1869. Kiliwazungumzia wanawake wa Uingereza ya enzi hizo, wasio na kura, ambao wakishaolewa mali yao huwa ya mume. Mwanafunzi mwingine angekariri hoja kuu, akajibu mtihani, akakirudisha kitabu maktaba. Julius Nyerere alikipeleka kwao. Alikaa akaandika insha akizipima hoja za Mill kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, na mwanamke wa Kizanaki aliyemjua kuliko wote ni yule aliyemzaa.

Mugaya Nyang'ombe alikuwa mke wa tano wa Mtemi Nyerere Burito, na mtemi alikuwa na wake 22. Kuolewa kwa mtemi hakukumaanisha kukaa kivulini. Mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake, kuni zake, maji yake, na watoto wa kuwalisha. Jua likichomoza limkute shambani, likizama limkute mekoni. Jembe la mkono halimwulizi mtu ni mke wa nani.

Tufikirie ugumu wa alichokifanya kijana yule. Desturi aliyokuwa anaihoji ndiyo iliyomlea. Heshima ya baba yake ilikuwa imejengwa juu yake, na kwa desturi hiyo hiyo familia ilikuwa imeshamchumbia mke kabla hajamaliza masomo. Ingekuwa rahisi zaidi kwake kumtumia Mill dhidi ya wakoloni. Hoja zilikuwepo tele, na wenzake wangempigia makofi. Lakini alianzia kwenye nyumba ya baba yake na shamba la mama yake, mahali ambapo yeye mwenyewe, kama mtoto wa kiume, alikuwa upande wa wanaonufaika.

Ninaifikiria sana insha ile kila nipitapo Butiama, pale Mwitongo penye majabali, ambako Mwalimu Nyerere alizikwa Oktoba 1999 na ambako makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Julai mwaka uleule. Miongoni mwa maandishi aliyoyaacha ni tafsiri ya Kiswahili, kwa mkono wake, ya sehemu za Jamhuri ya Plato. Mtu aliyeongoza nchi miaka zaidi ya 20, na ambaye Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi tunavisoma kwa kazi yake, alikaa na kalamu amtafutie Plato maneno ya Kiswahili. Kwake wanafalsafa hawakuwa pambo. Aliwasoma kama watu wenye neno juu ya maisha ya hapa.

Sisi tunawasoma vipi? Siku hizi maneno ya wanafalsafa yanaingia kwenye simu zetu kila asubuhi, mengine hayakusemwa kamwe na hao wanaotajwa. Na mara nyingi tunayatuma kwa ajili ya mtu mwingine. Plato tunampeleka kwa viongozi. Aristotle tunampeleka kwa vijana wasio na nidhamu. Wastoa tunawapeleka kwa jirani anayelia njaa, ili avumilie. Hapo ndipo ninapoona tatizo. Wazo la mwanafalsafa ni dawa, na kipimo cha kwanza ni kama anayeligawa amelinywa yeye mwenyewe.

Nichukue mfano ulio karibu. Nyasho, hapa Musoma, nimewahi kukaa jioni moja na kikundi cha akina mama wanaoweka hisa na kukopeshana, VICOBA kama wengi wanavyoviita. Katikati ya duara pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanachama watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mweka hazina anahesabu noti kwa sauti, mwenzake anahesabu tena, katibu anaandika daftarini. Aliyechelewa analipa faini kabla hajakaa. Pembeni pana mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, ambao hauguswi kwa biashara.

Mama mmoja, muuza dagaa, akaomba mkopo. Mwenyekiti akamwuliza, "Dada, ule wa kwanza umebaki kiasi gani?" Akataja. "Na huu utarejesha lini?" Yule mama akanyamaza. Kila mtu pale alijua kwamba mbalamwezi ilikuwa imeanza, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, maana taa za wavuvi hazifanyi kazi bila giza. Angeweza kusema "mwezi ujao" kama watu wanavyosema. Akasema, "Mwezi ujao sitaweza. Nipeni nusu, nitalipa giza likirudi." Wakampa nusu.

Immanuel Kant, ambaye karibu maisha yake yote aliyamaliza katika mji wa Königsberg, aliuchukua mfano huohuo katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili. Mtu ana shida ya pesa. Anajua hataweza kulipa, lakini anajua pia kwamba asipoahidi kulipa hatakopeshwa. Je, aahidi? Kant anamtaka mtu huyo ajiulize: kila mwenye shida akifanya hivi, ahadi itabaki na maana gani? Hakuna atakayeamini tena neno la mkopaji, na uwongo wenyewe utakosa mahali pa kusimama. Akina mama wa Nyasho hawajamsoma Kant, lakini wanalijua jibu kwa sababu sanduku ni lao. Mmoja akidanganya, siku ya kugawana hisa wote wanaona.

Ukitoka kwenye duara lile ukaingia kwenye mikopo kausha damu, unaona kinyume chake. Pale mkopeshaji anajua tangu mwanzo kwamba mkopaji hataweza. Anachukua kadi ya benki, au anaorodhesha godoro, televisheni na jiko la gesi, anasubiri. Tumezoea kumkemea mkopaji asiyelipa, na swali la Kant ni zuri kwake. Lakini aliyetoa mkopo akitegemea kushindwa kwa mwenzake naye ameshiriki ahadi ya uwongo, na sijasikia watu wengi wakimpelekea swali hilo.

Aristotle nitamtaja kwa kifupi. Aliandika kwamba haki ya kugawana haina maana ya kila mtu kupata sawa. Inamaanisha kila mtu kupata kwa kadiri ya alichochangia, na ugomvi huzuka kwa sababu watu hawakubaliani mchango upimwe kwa nini. Asubuhi ya mgao ufukweni ndiyo mjadala huo: mwenye mtumbwi ametoa chombo, nyavu na mafuta, wavuvi wametoa usiku mzima na uhai wao. Nani kachangia zaidi? Kila ninaposikiliza hesabu ile, naona mafuta yanahesabiwa hadi tone la mwisho na usiku hauhesabiwi vya kutosha.

Bunda ndiko ninakobishana na wanafalsafa kwa uchungu zaidi. Wilaya ile imebanwa kati ya ziwa na Hifadhi ya Serengeti, na mkulima ambaye shamba lake linapakana na hifadhi anaujua usiku wa kulinda. Mahindi yanapokaribia kukomaa, tembo wanakuja. Mkulima na watoto wake wanakaa na tochi, wanapiga madebe, wanafunga kamba zilizopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Tembo wachache wanaweza kumaliza kwa saa moja kazi ya msimu mzima. Baadaye anakuja ofisa kupima hasara, fomu zinajazwa, kisha mkulima anaanza kusubiri kifuta jasho.

Kuna mafundisho ya Mstoa Epictetus ambayo yamekuwa maarufu sana kwa wahamasishaji wa siku hizi. Yamo mambo yaliyo katika uwezo wetu, alifundisha, na yamo yasiyo katika uwezo wetu. Busara ni kushughulika na ya kwanza na kutosumbuka na ya pili. Ni fundisho zito, na mimi naliheshimu. Nimeliona likifanya kazi ziwani: mvuvi hawezi kuuamuru upepo, lakini jaketi la kujiokolea liko katika uwezo wake, na kuangalia mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi kuko katika uwezo wake. Anayelielewa hivyo anarudi kwa watoto wake.

Lakini tukumbuke nani alilisema. Epictetus aliwahi kuwa mtumwa, tena kilema wa mguu. Alifundisha namna ya kubaki na utu akiwa ameyaonja mwenyewe maisha ya chini ya mtu aliyemmiliki. Neno lilelile likitoka kwa mtu aliyeshiba, akimwambia mkulima wa Bunda ambaye shamba lake limelala chini, linageuka kuwa ukatili. Tembo hayuko katika uwezo wa mkulima, ni kweli. Ila uzio, askari wa wanyamapori wa kutosha, na malipo yanayofika kwa wakati viko katika uwezo wa watu wenye ofisi na bajeti. Mwenye ofisi akimsoma Epictetus vizuri, atamsoma akitazama meza yake, aone lililo katika uwezo wake na bado halijafanyika.

Sasa nirudi kwa Mwalimu, kwa sababu yeye alikuwa na kitu ambacho wanafalsafa wengi hawakuwa nacho. Alikuwa na dola.

Plato alitaka walinzi wa mji wake wasiwe na mali binafsi, wasije wakageuka mbwa mwitu kwa kondoo wao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asimiliki hisa katika kampuni. Sisemi Mwalimu aliinakili kwa Plato. Nasema zinafanana katika jambo moja kubwa: sheria ile ilianza kumfunga aliyeitunga. Ndiyo maana, hata baada ya miiko kulegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, watu wa kawaida waliendelea kuikumbuka kwa heshima. Aliyewaambia wengine waishi kwa kiasi aliishi kwa kiasi, akastaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa mjini ikatoa Azimio la Musoma. Watoto wote wa rika la kuanza shule waingie shule ifikapo mwaka 1977, na vijana wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Plato naye aliwataka wanafunzi wake bora wa falsafa warudi kwenye shughuli za umma miaka 15 kabla ya kukabidhiwa madaraka makubwa. Katika hili pia naona hekima. Madarasa yalijaa kuliko walimu waliokuwepo, lakini watoto wa wakulima, wa kike kwa wa kiume, walikalia madawati ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyagusa.

Kisha kuna vijiji. Mwaka 1967, katika andiko la Ujamaa Vijijini, Mwalimu alikiri waziwazi kwamba jamii yetu ya zamani iliwabebesha wanawake kazi kuliko sehemu yao ya haki. Nilipolisoma hilo nilimwona tena kijana wa Makerere. Mwaka 1968, katika andiko la uhuru na maendeleo, alionya kwamba watu hawaendelezwi kwa kuswagwa kama mifugo, wanajiendeleza wenyewe. Mill aliyemsoma ujanani alikuwa na kitabu kingine, cha mwaka 1859, kinachosema mtu mzima asilazimishwe kwa kisingizio cha faida yake mwenyewe. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja vizuri kabisa.

Novemba 1973 ikatoka kauli kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1974 operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ikafika Mara. Watu waliacha miji ya baba zao, makaburi yao na mashamba waliyoyajua udongo wake. Kwingine nchini nyumba zilibomolewa na nyingine kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Na mahali pengi kijiji kipya kikawa mbali na mashamba. Ukoo mzima ulihama, lakini aliyekuwa akiamka gizani kutembea masafa hayo mapya, jembe begani na mtoto mgongoni, alikuwa mwanamke. Wazo lililoanza kwa kuutazama mchana wa Mama Mugaya likaishia kuwaongezea mwendo akina mama waliofanana naye.

Sisemi haya kumshusha Mwalimu. Nampenda mno kiasi kwamba siwezi kumfanya sanamu. Tofauti kati ya miiko na operesheni ndiyo inayonifundisha zaidi katika maisha yake yote. Miiko ilimgharimu yeye na wenzake madarakani. Operesheni iliwagharimu watu ambao hawakuulizwa. Mtu yuleyule, nia ileile njema, vitabu vilevile kabatini. Lakini katika moja alianza na nafsi yake, katika nyingine alianza na wengine. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshatupa kipimo mwaka 1962, katika kijitabu cha Tujisahihishe, alipokemea tabia ya kuangalia mkubwa gani kasema badala ya kupima kilichosemwa. Mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuziondoa serikali za mitaa na kuvifuta vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Ni viongozi wachache wa kizazi chake waliosema hivyo wakiwa bado Ikulu.

Ng'ambo ya mpaka, Mkenya Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wa vijijini, na kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga kilitoka mwaka 1990. Aliwagawa wazee wenye hekima katika makundi mawili. Wapo wanaoijua mila kwa ukamilifu na kuisimulia bila kukosea. Wapo wengine, wachache zaidi, wanaoijua vilevile lakini wanauliza kama ni ya haki, na wako tayari kusema hapana mbele ya ukoo wao. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa, hata kama hawakushika kalamu. Kwa kipimo hicho Mara haijawahi kupungukiwa. Ninawajua wazee waliokataa kuwapeleka mabinti zao kukeketwa wakati ukoo mzima unawatazama, na hakuna aliyewaandika.

Mkoa huu una nyumba salama ambako mabinti hukimbilia msimu wa tohara unapokaribia, zikiwemo za Butiama na Mugumu. Binti wa miaka 13 anayetoroka usiku kwenda kutafuta hifadhi kwa watu asiowajua amekwisha kujibu swali la Mill peke yake. Sisi watu wazima ndio tuliobaki nyuma.

Na sheria nayo ina hadithi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyopitishwa enzi za Mwalimu, ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake. Iliwakataza mume na mke kupigana kwa kisingizio cha kuadhibu, na iliiagiza mahakama kuangalia mchango wa kila mmoja katika mali ya ndoa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kuni, maji, kupika na kulea vikahesabiwa mbele ya majaji. Lakini sheria hiyohiyo ilimtaka mvulana afikishe miaka 18 ndipo aoe, na ikaruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019.

Mzee wa ukoo hana haja ya kulingoja Bunge, kule Dodoma. Kikao cha mahari kinakaa nyumbani kwake, chini ya mti wake, na yeye ndiye anayekifungua. Wazee wangu wa Butiama, wa Bunda na wa Musoma, nawaomba jambo moja ambalo liko katika uwezo wenu leo. Kabla ng'ombe wa kwanza hajahesabiwa, muiteni binti mwenyewe aketi nanyi. Muulizeni ana miaka mingapi, amefika darasa la ngapi, na kama anamtaka mtu huyu. Akisema hapana, wageni waagwe kwa heshima warudi na ng'ombe wao, na binti kesho aende shule.